Miezi minane na OpenBSD kwenye laptopu ya mtumba: kila kifaa kwa jina la ukoo wake

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeibana kwa sababu ya spika ya mtoto wa kaka yangu, na habari yake inakuja.

Nina duka la stesheni hapa Moshi, si mbali na stendi. Kopi, kuchapa barua, kuskani vyeti, na msimu wa maombi ya mikopo ya chuo ukifika, foleni inatoka hadi barazani. Kompyuta ya kaunta ni ya Linux tangu siku ya kwanza na sina ugomvi nayo. Ninayoizungumzia hapa ni ya pili: ThinkPad X220 ya mtumba niliyoichukua Kariakoo kwa laki tatu na nusu, betri yake ikiwa mahututi. Niliitaka kwa hesabu zangu na kwa kuendesha printa. Nikaiwekea OpenBSD, mfumo endeshi wa bure kama ilivyo Linux, toleo la 7.6 lililotoka Oktoba 2024, kwa sababu moja tu: faili lake la kusakinishia linaingia kwenye flashi na halifiki giga moja, na ndani yake mna kila kitu cha msingi pamoja na miongozo yote. Kwa mtu anayenunua bando, hiyo ni hoja nzito kuliko mandhari ya skrini.

Kwa habari ya mandhari, hakuna. Ukiwasha, yanamiminika maandishi meupe juu ya buluu, na watu wengi huyaacha yapite. Mimi nilikaa nikayasoma, kisha nikayaita tena kwa amri ya `dmesg`, na hapo ndipo mfumo huu uliponishika. Mistari yenyewe iko hivi, nimeifupisha:

em0 at pci0 dev 25 function 0 "Intel 82579LM"
iwn0 at pci2 dev 0 function 0 "Intel Centrino Advanced-N 6205"
azalia0 at pci0 dev 27 function 0 "Intel 6 Series HD Audio"

Kila mstari ni utambulisho kamili. Jina la draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, namba yake ya kuzaliwa kuanzia sifuri, mahali ilipoketi, na chipu yenyewe ni ipi. Tundu la waya wa mtandao ni em0. Wi-Fi ni iwn0. Ukichomeka kadi nyingine ya Intel ya aina ileile ya kwanza, itaitwa em1. Ukichomeka ya Realtek, haitakuwa em kamwe, itakuwa re0, kwa sababu ni mtoto wa ukoo mwingine.

Linganisha na Linux ya kaunta. Zamani tundu la waya liliitwa eth0, na kadi ya pili eth1, na kompyuta yenye kadi mbili iliweza kuamka siku moja majina yamebadilishana. Mwaka 2013 watu wa systemd, programu inayoanzisha huduma za Linux, wakaleta utaratibu mpya wa kuita kadi kwa mahali ilipo, na nilipojaribu Linux kwenye hii X220, tundu lilelile liliitwa enp0s25. Nilidhani ni namba ya siri. Kumbe ni anwani: basi la PCI (njia inayounganisha kadi na kompyuta) namba sifuri, nafasi ya 25. Rudi juu uangalie mstari wa em0, utaiona "dev 25" ileile. Mifumo yote miwili inaijua nyumba, ila mmoja unamwita mtu kwa nyumba anayoishi na mwingine kwa ukoo wake. Hapa kwetu ukimtajia mzee jina la ukoo, hakuulizi tena namba ya nyumba. Anakuuliza ni wa Kibosho au wa Machame, na akishajua, anakueleza babu yako alikuwa mtu wa namna gani.

Ndivyo ilivyo hasa, kwa sababu jina la draiva ndilo jina la ukurasa wa mwongozo. Ukiandika `man iwn` unapata ukurasa mmoja: chipu zinazokubalika zimeorodheshwa kwa majina, faili la femwea linalohitajika (femwea nitaieleza chini), namna ya kusanidi pamoja na mfano, maana ya ujumbe wa makosa, na chini kabisa aliyeiandika, Damien Bergamini. Yote hayo yamo ndani ya diski, bila intaneti. Hujui jina? `apropos realtek` inakuletea ukoo mzima wa Realtek. Kwenye Linux huwa naanza na `lspci -k` ili nijue moduli, yaani draiva kwa lugha ya Linux, inaitwaje, kisha natafuta maelezo mtandaoni, na nusu ya ninayoyapata ni ya mwaka 2012 kwa toleo ambalo halipo tena.

Majina yenyewe ni mafupi kama ya wachezaji wa bao. Herufi u mwanzoni ni USB: ukbd ni kibodi, ums ni kipanya, umass ni flashi, uvideo ni kamera, ulpt ni printa. Mengine yana visa. Hiyo azalia ya sauti ni jina la ndani Intel walilokuwa wakilitumia kwa mradi wao wa sauti kabla haujapewa jina la sokoni, na OpenBSD wakabaki nalo. Linux inaiita snd_hda_intel, jina linaloeleweka upesi zaidi lakini linalodanganya, maana moduli hiyohiyo inaendesha sauti za AMD na Nvidia pia. Na kuna rl, ya kadi za Realtek 8139, zile za bei ya chini zilizojaa kwenye kompyuta za mezani za shule niliyofanyia kazi maabara. Bill Paul aliyeiandika draiva hiyo kwa FreeBSD, mfumo ndugu wa OpenBSD, aliweka maoni ndani ya msimbo kwamba kadi ile imelipa neno "duni" maana mpya. OpenBSD nao wana rl. Nilicheka peke yangu dukani hadi mteja akauliza kama nimepata ujumbe mzuri.

Sasa kusanidi. Wi-Fi iliponigomea mara ya kwanza, kerneli, yaani kiini cha mfumo, ilisema wazi kwamba haikuweza kulisoma faili la femwea, iwn-6005. Femwea ni ile programu ndogo inayopakiwa ndani ya chipu yenyewe, na leseni za nyingi kati yake haziwaruhusu OpenBSD kuzisambaza pamoja na mfumo, hivyo zinachukuliwa kando. Yaani ili upate Wi-Fi unahitaji intaneti kwanza. Siku hiyo nilikuwa nyumbani, waya wa mtandao uko dukani. Nikachomeka simu yangu ya Android kwa waya wa kuchajia, nikawasha kushiriki mtandao kwa USB, na kwenye skrini ikajitokeza urndis0 bila kuombwa. Amri mbili:

ifconfig urndis0 inet autoconf
fw_update

Femwea ikaja, megabaiti chache tu za bando. Kisha nikaandika faili moja, /etc/hostname.iwn0, lenye mistari miwili:

join DukaLangu wpakey nenolasiri
inet autoconf

Nikaendesha `sh /etc/netstart iwn0`, na Wi-Fi ikashika. Hakuna dirisha, hakuna huduma ya nyuma inayobishana na nyingine. Kifaa kina jina, jina lina faili, faili lina mistari miwili. Nimeisanidi mara moja tu, na mwezi wa nne nilipopandisha hadi 7.7 kwa `sysupgrade`, sikuigusa.

Lalamiko langu dogo hapo ni neno "hostname". Faili hilo halihusiani kabisa na jina la kompyuta. Jina la kompyuta linakaa kwenye /etc/myname. Nilipoteza robo saa nikidhani nimekosea mahali, na sioni ni nani angeweza kulikisia kabla ya kusoma.

Baadaye nikawa mjeuri, nikaunganisha waya na Wi-Fi kuwa kitu kimoja. Unaunda trunk0, unaiambia itumie em0 kwanza na iwn0 ikiwa waya umechomolewa:

trunkproto failover trunkport em0 trunkport iwn0
inet autoconf

Kwenye hostname.em0 nikaacha neno moja, up, na kwenye ile ya iwn0 nikaacha mstari wa join peke yake. Nikichukua laptopu kutoka kwenye meza kwenda kaunta, nikichomoa waya, upakuaji unaendelea kana kwamba sijafanya kitu.

Printa ndiyo iliyonitoa jasho, na ndiyo iliyonifundisha jinsi kerneli hii inavyoamua nani amchukue nani. Nina printa ya leza ya USB, mtumba nayo. Nilipoichomeka, dmesg ikasema ulpt0, vizuri kabisa. Lakini CUPS, ile programu ya kusimamia printa, haikuiona. Nimebadilisha waya, nimebadilisha tundu, nimeizima na kuiwasha, na mteja wa kitabu cha kurasa 80 amekaa kwenye kiti anatazama saa. Nikamchapia kwa ile ya kaunta na kurudi kwenye tatizo jioni.

Kisa ni hiki. Kifaa cha USB kinapoingia, kerneli inaziuliza draiva zake zote: nani anamfahamu huyu? Draiva inayolingana zaidi ndiyo inayokabidhiwa. Printa inadaiwa na ulpt. Kifaa kisichodaiwa na mtu kinaangukia kwa ugen, mlezi wa wasio na ndugu, ambaye hakitumii mwenyewe ila anaacha mlango wazi ili programu za kawaida ziongee nacho moja kwa moja. CUPS inataka kuongea na printa moja kwa moja kupitia mlango wa ugen. Ulpt ilikuwa imeshaishika printa mkononi, na mlango umefungwa. Kwa hiyo dawa ni kumwambia ulpt akae pembeni. Haya yote yameandikwa kwenye maelezo yanayokuja na kifurushi cha CUPS, ambayo sikuyasoma kwa sababu nilijiona najua.

Kuna njia ya kujaribu bila kuharibu, na nimeipenda sana. Kompyuta inapowaka unaandika `boot -c`, na kabla kerneli haijaanza kupapasa vifaa inasimama na kukupa alama ya UKC>. Pale unaandika:

disable ulpt
quit

Inaendelea kuwaka bila ulpt, kwa safari hiyo moja tu. Ukikosea, zima na uwashe, kila kitu kinarudi. Printa ikatokea kama ugen0, nikarekebisha ruhusa za faili lake chini ya /dev ili CUPS iweze kulifungua, na ukurasa wa majaribio ukatoka saa tatu usiku.

Kuifanya ya kudumu ndipo nilipoteleza. Kwenye daftari langu la zamani nilikuwa na amri ya `config -ef /bsd`, inayobadilisha faili la kerneli lenyewe. Ikakubali. Lakini tangu 2017, toleo la 6.2, OpenBSD huunganisha upya vipande vya kerneli kwa mpangilio wa bahati nasibu kila mashine inapowaka, ili mvamizi asijue nini kiko wapi safari ijayo. Kabla ya kufanya hivyo inahakiki kama faili la kerneli ni lilelile iliyoliacha. Yangu haikuwa ileile, nimeichokoa. Ikakataa kuunganisha na kuniachia ujumbe. Njia iliyo sawa siku hizi ni faili jingine dogo, /etc/bsd.re-config, unaandika humo `disable ulpt`, na maagizo yanatiwa kila inapounganishwa. Kumbuka kuwasha mara mbili: safari ya kwanza inaitengeneza kerneli mpya, ya pili ndiyo inayoitumia. Mimi niliwasha mara moja nikatukana.

Watu huniuliza kama haingekuwa rahisi kujenga kerneli yangu. Nimefanya hivyo kwenye Linux enzi za maabara, unapita ile menyu ndefu ukichagua y, m au n kwa kila draiva, unalala, unaamka mashine bado inapiga kelele. OpenBSD wao wanakusihi usifanye. Orodha ya draiva iko kwenye faili linaloitwa GENERIC, na inasomeka hata kwa asiyejua lugha ya programu ya C:

em* at pci?
iwn* at pci?
ulpt* at uhub?

Nyota ni "wangapi watakaopatikana", alama ya kuuliza ni "popote watakapokuwa". Mistari ya namna hiyo ni mingi sana na yote imeshajengwa ndani. Moduli za kupakia baadaye walishazifuta miaka mingi iliyopita. Ukija na kerneli uliyoijenga mwenyewe na tatizo, wa kwanza kukujibu atakuambia urudi kwenye GENERIC ndipo uongee. Mwanzoni niliona ni ubabe. Sasa naona raha yake: mashine yangu na ya mtu aliyeiandika draiva zinaendesha kitu kilekile.

Upande mbaya wa kuita kwa ukoo niliuona kwa adapta ndogo za Wi-Fi. Nilinunua mbili za kompyuta za wateja, kampuni moja, sanduku moja, hata picha ya nyuma ni moja. Ya kwanza ikatokea kama urtwn0, chipu ya Realtek. Nikaandika hostname.urtwn0, nikajaribu, safi. Nikaitoa, nikachomeka ya pili: kimya. Dmesg inasema mtw0. Ndani ya ganda lilelile walikuwa wameweka chipu ya MediaTek. Faili langu lilikuwa la mtu mwingine kabisa, na femwea nayo ni nyingine. Mfumo unaotumia jina la jumla, wlan0 kwa mfano, ungenifichia jambo hilo na pengine ningemaliza kazi mapema. Lakini ningewauzia watu wawili bidhaa mbili nikiwaambia ni moja. Siku hizi nachomeka kila adapta kwenye X220 kwanza na kuandika jina la draiva kwa kalamu juu ya sanduku. Wateja hawaelewi ile mtw ni nini, mimi naelewa wanaporudi.

Kwenye sheria za ukuta wa moto (firewall) tatizo hilo wamelipatia dawa: badala ya kuandika em0 unaandika egress, yaani yeyote anayeelekea nje kwa sasa. Nimefurahi kulikuta, maana ningebadilisha sheria kila nikibadilisha kadi.

Skrini, kulala na kuamka, vitufe vya sauti, kamera: vyote vilikubali, sina la kusema. Betri imekufa bila kosa la mfumo.

Kwa mwenye laptopu yenye kadi ya michoro ya Nvidia, asihangaike. OpenBSD hawachukui draiva zilizofungwa ambazo hawawezi kuzisoma. Mara nyingi utakiona kifaa chako kwenye dmesg kikiwa na maneno mawili ya huzuni mwishoni, "not configured". Niliona hivyo kwa kadi ya rafiki yangu mmoja wa karakana. Kimeonekana, kimeandikwa jina la kiwandani, namba na mahali kilipokaa, basi. Akaondoka na Linux, na nilimsaidia kuiweka.

Nayo spika. Mtoto wa kaka yangu alikuja likizo na spika ya Bluetooth, akaamkia, akakaa kwenye kompyuta, na baada ya dakika tano akaanza.

"Shangazi, Bluetooth iko wapi hapa?"

"Haipo."

"Ipo. Tazama, umeandika mwenyewe." Akanionyesha dmesg, na kweli, ugen imeipokea chipu ya Bluetooth na jina lake limeandikwa.

"Hiyo imeonekana, haijapata wa kuisemesha. Waliitoa mwaka 2014, hakuna aliyekuwa akiitunza."

"Waliitoa wakaweka nini?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu hawakuweka kitu. Miaka zaidi ya kumi, kifaa kilicho kwenye kila simu ya mkononi hapa mjini, na jibu ni kimya. Naelewa sababu yao, msimbo usiotunzwa ni mlango wa wezi, lakini kumweleza kijana wa miaka 16 jambo hilo ukiwa na spika mkononi ni kazi. Nyota ya tano iliondoka siku hiyo.

Nilimpa elfu mbili, akaenda kununua waya wa sauti kwenye duka la simu jirani. Spika iko kaunta hadi leo, imechomekwa kwa waya, inapiga nyimbo zake kupitia azalia0.